Ng'ombe Kumi na Wawili kwenye Televisheni

Jumapili, 9 Machi

Watu wa televisheni wametupa kila mmoja daftari la rangi ya waridi, jalada lake lina picha ya tumbo. Tuandike humo hisia zetu za kila siku, nao watakuja kutupiga picha tukiandika. Nimeandika sentensi moja: Nina furaha sana. Inatosha. Haya mengine naandika kwenye kitabu cha dukani, ambacho hakuna mtu atakayekiomba.

Mambo yako hivi. Mimi ni Nyangi, mjane wa Zablon Mniko, nina miaka hamsini na mitatu. Nina hadiwea mbili hapa Migori mjini na moja Isebania. Nilianza mwaka wa 1996 na ndoo moja ya misumari, nikipimia watu kwa kopo, na hakuna aliyenishika mkono. Sikujaliwa kuzaa. Zablon alipofariki, shemeji yangu Elkana akaanza kupita bomani kwangu kwa hatua ndefu, hatua za mtu anayepima ploti. Kwa hiyo Januari mwaka jana nikafanya walivyofanya wanawake wengi wa Kikuria kabla yangu: nikaoa. Wengine huiita nyumba ntobu. Nilitoa ng'ombe, nikamleta Rael, msichana wa miaka ishirini na minne, kutoka upande wa Kehancha. Kwa lugha yetu yeye ni mokamona wangu, yaani mke wa mwana ambaye sikumzaa. Atakayezaliwa ni wa nyumba ya Zablon. Mwanaume ni nani, desturi haiulizi, na mimi sikuuliza. Sasa Rael ana mimba ya miezi sita.

"Tumbo la Dhahabu" ni kipindi cha wanawake wanne wenye mali wanaongojea watoto. Nilipowapigia simu niliwaambia wazi kwamba tumbo si langu. Prodyuza wao, msichana wa Nairobi anayeitwa Liz, akasema, "Mum, hiyo sasa ndiyo stori."

Nimekubali kwa sababu moja. Nchi nzima ikishaona mtoto huyu anangojewa kwangu, Elkana atasimama mbele ya nani aseme nyumba ya ndugu yake haina mtu?

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Simiti mifuko arobaini imepandishwa juu ya mbao. Kamera hazikuja.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja watu tisa na mwavuli mmoja. Matope yao yameingia mpaka chumba cha kulala.

Walitaka chumba cha mtoto. Nikawaambia sisi hatumwandalii mtu ambaye hajafika, ni kama kumwita kwa kelele. Liz akasema bila chumba hakuna kipindi. Basi wakaleta kitanda kidogo cheupe kutoka Kisumu, wakakiweka karibu na dirisha, nikaambiwa nisimame hapo nikipapase. Nikakipapasa mara saba, kwa sababu mara sita za kwanza mvua ilipiga mabati tukawa hatusikiki.

Rael alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni, akimenya viazi.

"Dada, songa kidogo," Liz akamwambia. "Unaingia kwenye picha."

Rael akasonga. Akaambiwa asonge tena. Mwisho akachukua sufuria yake akaenda jikoni. Mimi niliendelea kupapasa kitanda.

Jumapili, 23 Machi

Kipindi cha kwanza, saa moja jioni. Nilifungua sebule, akaja Emmah wa kibanda cha chai kando ya duka langu, na wafanyakazi wanne. Nilishika saa. Terry, mwenye hoteli ya kando ya ziwa kule Mbita, amepewa dakika kumi na nne. Anaonekana akichagua marumaru ya bafu la mtoto. Wale wawili wengine, mmoja wa Kisumu na mmoja wa Kisii, dakika nane nane. Mimi dakika tisa. Rael, dakika moja na sekunde ishirini, nyingi zikiwa za miguu yake.

"Mama, umetoka vizuri," Emmah akasema. "Lakini mbona wamemwonyesha Rael miguu tu? Kwani kichwa kiko kwa fundi?"

Watu wakacheka. Rael naye alitabasamu. Nikaona hakuna shida.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu saa nane mchana. Mabati yameuzika sana.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimehojiwa vizuri, na ninaandika nikiwa nimeridhika, jambo ambalo kwenye kitabu hiki ni nadra.

Liz aliniketisha mimi na Rael kwenye kochi moja. Akauliza, "Mum, Rael ulimpata vipi?"

Nikasema: kwa ng'ombe kumi na wawili. Nikarudia polepole, kumi na wawili, ili wasikie mpaka Kehancha. Siku hizi kwetu wasichana wengi wanatolewa sita, wengine saba na mbuzi wa kujazia. Babake Rael, mzee Monari, aliomba tisa. Mimi ndiye niliyeongeza. Niliwachagua mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyekuwa na pembe iliyovunjika. Ng'ombe kumi na wawili ni kumwambia kila mtu kwamba huyu hatukumwokota njiani. Rael alikuwa ameinamisha uso. Nikajua anaona haya ya kusifiwa mbele ya wageni.

Kisha Liz akamgeukia yeye. "Na wewe Rael, ulitaka?"

Hakujibu. Ni mtu wa maneno machache. Nikamjibia kwamba ameridhika, na wakazima kamera kwa sababu mvua ilikuwa imeanza tena.

Jumapili, 13 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Kipindi kilianza na ng'ombe. Si ng'ombe wangu. Walikwenda kupiga picha ng'ombe wa watu mnadani, waliofungwa kamba, wakipigwa bakora, na sauti yangu juu yao ikisema kumi na wawili, kumi na wawili. Wameirudia mara nne. Halafu swali la Liz. Halafu uso wa Rael, karibu kabisa, skrini nzima.

Walichokata ni jibu langu. Walichoacha ni kimya chake. Sekunde kumi na moja. Mtu akisoma hawezi kujua sekunde kumi na moja ni nyingi kiasi gani kwenye televisheni. Niliziona zote. Mara ya tatu ya kupepesa macho, mdomo wake ulifunguka kidogo ukafungwa. Siku ile kwenye kochi nilikuwa kando yake, bega kwa bega, na sikuona hilo. Nilikuwa nikiitazama kamera.

Emmah alikuwa ameshika simu. Akaanza kusoma halafu akaacha.

"Soma," nikamwambia.

"Mama, wacha tu."

"Soma, Emmah."

"Wanasema umenunua mtu."

"Nani anasema?"

Akatelezesha kidole kwenye simu, akatelezesha tena. "Ni wengi. Hii moja peke yake imependwa na watu elfu sita."

Nikawaeleza wote waliokuwa sebuleni maana ya ng'ombe. Niliwaeleza wafanyakazi wangu, ambao wawili ni Wakuria na wanajua kunishinda. Nilieleza kwa sauti kubwa mpaka nikajisikia. Nilipogeuka, Rael hakuwepo kwenye kiti chake. Alikuwa jikoni, amesimama tu, jiko halijawashwa.

"Rael, usiwasikilize. Hawa watu hawajui kwetu."

"Ndiyo, Mama."

"Uliona nilivyokusifu."

"Niliona, Mama."

Aliosha kikombe kilichokuwa kimeoshwa tayari. Nilisimama pale mlangoni. Nikamwambia kesho simiti ya Isebania ipakiwe mapema.

Jumatatu, 14 Aprili

Fundi mmoja amesimama mbele ya kaunta, watu wamejaa, akauliza, "Mama, mabati kumi ya geji thelathini ni ng'ombe ngapi?" Watu wakacheka mpaka wakashika milango. Nikampimia mabati yake. Mkononi nilijikata.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mimi dakika tano. Rael dakika tisa. Sasa wanampiga picha akienda sokoni, akivuka matope, akishona. Sikujua kwamba anajua kushona. Amemwambia Liz, si mimi, kwamba alisoma ushonaji mwaka mmoja na akakatizwa bado miezi miwili amalize. Kukatizwa kwenyewe, nimepiga hesabu, ni Januari mwaka jana.

Jumamosi, 26 Aprili

Wametupeleka Mbita, sote wanne, na Rael. Ilikuwa siku ya picha. Terry alitupokea hotelini kwake, ana miaka thelathini na minne, mimba ya miezi minane, na sauti inayofika ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimemweka kwenye fungu la watu waliozaliwa wakiwa na bafu. Kumbe alianza kwa kukaanga samaki kando ya kivuko. Hilo halimo kwenye kipindi.

Walitupandisha boti ya injini mpaka kisiwa cha Takawiri, mchanga ule mweupe, na vitambaa vya hariri vya kufunga tumboni. Waliokuwa na tumbo walifungwa. Mimi nikapewa kitambaa nikishike.

Upepo ukakipeperusha cha Terry kikaingia majini, na mpiga picha akakifuata akaanguka kifudifudi na viatu vyake. Terry akasema, "Nyar Kuria, umeona Nairobi wanavyovua?" Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, ndivyo anavyomwita Rael.

Rael akacheka. Alicheka akainama akashika magoti, tumbo na yote. Nimekaa na mtu huyu miezi kumi na tano. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake, na kilichonishangaza ni kwamba ni kicheko kinene, cha mtu mkubwa.

Jioni gari la kurudi Migori lilipofika, Rael alisimama kwenye ngazi za hoteli na mkoba wake.

"Mama, nitakaa huku kidogo."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Sijahesabu."

Kamera ilikuwa inawaka. Ingekuwa haiwaki ningesema jambo, sijui gani. Nikasema, "Haya." Nikapanda gari.

Jumatano, 30 Aprili

Nimepika ugali wa watu wawili. Mkono umezoea.

Jumapili, 4 Mei

Rael dakika kumi na saba. Mimi mbili, zote nikiwa nimepigwa picha kwa nyuma, nikipanda gari.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia mara tatu. Mara ya tatu akashika. Tumesema hivi: Uko salama? Niko salama. Mvua iko huko? Iko. Na huku iko. Basi. Sekunde thelathini na nane.

Jumamosi, 10 Mei

Elkana alikuja na kofia yake ya kanisani, siku isiyo ya kanisa. Akakataa chai, ndiyo nikajua ni mazungumzo.

"Shemeji, mke wetu yuko wapi?"

"Mke wetu?"

"Wa nyumba ya ndugu yangu. Mtoto akizaliwa kwa Wajaluo huko, kesho tutamdai vipi? Twende na wazee. Twende kwa Monari, amrudishe. Alikula ng'ombe kumi na mbili, si kuku."

Ajabu ni kwamba miezi mitatu iliyopita huyu ndiye aliyekuwa akisema ndoa yangu ni mchezo wa wajane. Sasa anaitetea kuliko mimi. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Akiwa mvulana atahitaji mwanaume wa kumwelekeza." Akatazama ploti kupitia dirishani.

Na bado, niandike ukweli, nilimwambia nitakwenda kwa Monari. Si kwa ajili yake. Nyumba imekuwa kubwa. Kile kitanda cheupe hawajaja kukichukua, na kila nikipita pale dirishani ninakikwepa kama mtu ameketi.

Jumatatu, 12 Mei

Barabara ya Kehancha imekatika sehemu mbili. Nimefika saa sita, matope mpaka magotini.

Mzee Monari aliniweka kwenye kiti kizuri. Akanionyesha ng'ombe, wamebaki saba. Akasema maneno aliyoona yatanifurahisha. "Mama Nyangi, wewe sema siku tu. Nina vijana wanne hapa. Watamleta, hata kama ni kwa kamba."

"Ana mimba ya miezi minane, mzee."

"Ndiyo maana nasema vijana wanne."

Hakuwa anatania. Alisema vile mtu anavyozungumzia kuhamisha kabati. Na mimi nilikuwa nimekuja nikiwa na maneno yaleyale kichwani, ila yangu yalikuwa na adabu. Nikayasikia kwa sauti ya mtu mwingine, na chai ikanishinda.

Mkewe, Bosibori, alinisindikiza mpaka kwenye gari chini ya mvua. Nilifungua mlango.

"Anakula?" akauliza.

"Nani?"

"Rael. Nikiwa na mimba yake mimi nilikataa kila kitu isipokuwa ndizi mbichi za kuchemsha. Yeye anakula nini?"

Ninajua idadi ya mifuko ya simiti iliyoko Isebania bila kufungua kitabu. Ninajua misumari ya inchi tatu inaingia mingapi kwenye kilo. Rael anakula nini, sijui. Alinitazama, akaelewa, akanifungia mlango wa gari taratibu.

Nimempigia Elkana. Nimemwambia hakuna mzee atakayekwenda popote.

Jumapili, 18 Mei

Sikutazama kipindi. Emmah aliniambia dakika, sikuwa nimeuliza.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua siku nzima. Ukuta wa nyuma wa stoo umelowa. Tumehamisha.

Jumanne, 3 Juni

Terry amenipigia mwenyewe. Alijifungua juzi, mvulana, kamera tatu.

"Mama Nyangi, mimi si adui yako," akasema.

"Sijasema."

"Hujasema lakini nimeisikia mpaka huku. Skiza. Rael ametoka kwangu wiki moja sasa. Amepanga chumba Rangwe, sokoni, amepata cherehani ya kukodi. Sikumfukuza. Nilimwomba akae."

"Alisema nini?"

Terry alishusha ile sauti yake ya ng'ambo ya ziwa. "Alisema hataki kutoka nyumba ya tajiri mmoja akaingia ya mwingine."

Nilimwambia asante. Kisha nikamwuliza kama anajua Rael anakula nini. Akacheka kidogo, akaona sicheki. "Omena," akasema, wale dagaa wa ziwani. "Omena na limau. Asubuhi, mchana, jioni. Na hataki kusikia harufu ya ugali ukiungua."

Nimeandika hapa nisisahau.

Alhamisi, 12 Juni

Liz amepiga saa tatu asubuhi, anapiga kelele. Mtoto amezaliwa jana, hospitalini Homa Bay. Msichana. Wote wazima. Nilikaa chini kwenye gunia la misumari.

Akaendelea. Jumapili watafunga msimu kwa kutukutanisha. Mimi nitashuka kwenye gari jeupe mlangoni mwa hospitali, na ng'ombe mwenye utepe mwekundu shingoni. Wa kumi na tatu. Ng'ombe wa msamaha, ameuita. Rael atanikabidhi mtoto mikononi, tutalia, mwisho.

"Rael amekubali?"

"Ni sapraizi, Mum. Hajui. Ndiyo itoke vizuri."

"Na mtoto atabaki na nani baada ya hapo?"

"Hiyo mtajipanga nyinyi. Lakini nchi nzima ikiona amekupa, si ni wako tayari?"

Hilo ndilo nililolitaka tarehe tisa Machi. Maneno yaleyale, nchi nzima ikiona. Ananiletea bure, na utepe juu.

Elkana alipata habari kabla ya saa sita. Alikuwa na neno moja. "Msichana? Basi wacha Monari arudishe ng'ombe, utafute mwingine." Hakukumbuka kuuliza kama ni mzima.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeendesha pikapu mwenyewe mpaka Homa Bay. Nilinunua omena sokoni, na malimau sita. Kwenye lango la hospitali askari aliniuliza nimekuja kumwona nani. Nikasema Rael, binti Monari. Akauliza mimi ni nani wake, watu nyuma yangu wakisukuma. Nikasema mtu wa nyumbani. Akaniruhusu.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na viwili, wanawake ishirini na sita. Rael alikuwa kitanda cha pili kutoka mwisho, akitumia kimoja na mama mwingine aliyelala amegeukia ukuta. Aliniona kutoka mbali. Alichofanya kwanza ni kumvuta mtoto karibu na mbavu zake. Niliona. Nikasimama miguuni mwa kitanda, sikusogea.

"Habari za huku, Rael."

"Salama, Mama. Kamera ziko wapi?"

"Hakuna kamera. Zinakuja Jumapili." Nikamweleza yote: gari jeupe, ng'ombe, utepe. Alisikiliza bila kubadilika uso.

"Na wewe umekuja leo ili iweje?"

"Ili ujue kabla."

Nilimpa omena. Aliufungua mfuko akanusa, akanitazama. "Nani amekuambia?"

"Nimeuliza."

Alikula na vidole, polepole. Yule mama mwingine akapewa na yeye. Mtoto alikuwa amefunikwa uso mpaka paji tu ndilo lilionekana, na sikuomba afunuliwe.

"Mama," akasema, "mimi sikukasirika juu ya ng'ombe. Nataka uelewe hilo. Wasichana wa kwetu walinionea wivu. Ng'ombe kumi na mbili nilizijua kabla ya Liz."

"Sasa nini?"

"Liz ni mtu tu wa kamera. Nilikuwa nimemjua wiki tatu. Na yeye ndiye mtu wa kwanza maishani kuniuliza kama nilitaka. Baba hakuuliza. Wazee hawakuuliza. Wewe nimeketi na wewe miezi kumi na tano, tunakula sahani moja. Hukuuliza."

Nilikuwa na majibu. Kwamba nilimpa chumba kizuri kuliko changu. Kwamba sikuwahi kumpigia kelele. Kwamba mimi pia sikuulizwa nilipoolewa na Zablon. Hili la mwisho lilifika mpaka mdomoni, na ni hilo lililonizuia, kwa sababu nilikumbuka vizuri siku ile ilivyokuwa.

Nikaketi kwenye ncha ya kitanda. "Ulitaka?"

"Umechelewa."

"Najua. Nauliza hivyo hivyo."

Akafuta vidole kwenye leso. "Nilitaka kutoka kwa baba. Hilo nilitaka. Kwako niliingia kama mtu anavyoingia baraza la duka mvua ikinyesha. Hakuchagua duka."

"Na mtoto?"

"Mtoto nilimtaka. Huyu nilimtaka mwenyewe." Kisha akaniuliza, macho makavu, "Kwa desturi ni wako. Umekuja kumchukua?"

Wodi nzima ilikuwa na kelele za watoto, na bado nilisikia yule mama wa ukutani ameacha kutafuna.

Nilisema, "Hapana. Ng'ombe hawatarudi, nitamwambia babako mwenyewe. Nawe hurudi mpaka utake. Usipotaka, hurudi."

"Na nyumba ya Mzee Zablon?"

"Nyumba ina milango. Itafungwa na kufunguliwa."

Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayekagua mshono. Hakuniambia asante na sikuona kwamba ilipasa. Nilipoinuka akasema, "Malimau ni mazuri." Nikatoka. Kwenye pikapu nililia, mikono kwenye usukani, askari wa lango akageuka upande mwingine.

Jumapili, 15 Juni

Walifika na ng'ombe wao, wakakuta kitanda kina mtu mwingine. Rael aliruhusiwa jana akaenda zake Rangwe. Liz amepiga simu akinitajia mkataba, ukurasa wa nne. Nikamwambia nimeusoma, ukurasa wa nne unasema nitapatikana nyumbani kwangu, na niko nyumbani kwangu. "Mum, umeniharibia msimu," akasema. Alikuwa karibu kulia na nikamwonea huruma, ana miaka ishirini na saba na mvua ilikuwa imemlowesha yeye na ng'ombe wake wa kukodi.

Nikamwambia atume gari lije lichukue kile kitanda cheupe.

Jumanne, 17 Juni

Kehancha. Mbele ya wazee watatu na Elkana nimesema kwamba ng'ombe ni wa Monari, na hakuna mtu wa kumfuata Rael kwa jina la nyumba yangu, awe na kamba au asiwe nayo. Elkana akasema, "Basi umetupa ng'ombe na mtoto na boma." Nikamwambia boma bado nalilipia kodi mimi. Wazee walikuna vichwa. Mmoja alisema mambo haya hayakuwahi kuonekana. Bosibori alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nikapita karibu naye nikamwambia: omena na limau.

Jumapili, 29 Juni

Kipindi cha mwisho. Mimi sekunde arobaini, picha ya lango langu limefungwa, na maandishi: Alikataa kumpokea mtoto. Nimezima televisheni. Hakuna niliyekuwa nikitazama naye.

Mvua imekuwa ikipungua tangu wiki jana.

Jumatano, 2 Julai

Kavu. Duka limejaa, kila mtu aliyengoja mvua iishe amekumbuka kujenga leo.

Saa nne na nusu simu ikalia. Rael. Nilikuwa na kilo mbili za misumari kwenye mizani.

"Mama, mtoto ana kwikwi. Tangu asubuhi. Nimempa nyonyo, haiishi. Inafanywa nini?"

Mimi nikasema, "Ngoja." Kwa sababu sikujua. Miaka hamsini na mitatu na sijui kwikwi ya mtoto inafanywa nini, na yeye, ambaye soko zima la Rangwe lina wanawake waliozaa, amenipigia mimi.

Nikamtazama mwanamke aliyekuwa akingoja misumari. Mgeni, alikuwa na mtoto mgongoni. Nikamwuliza. Akanijibu papo hapo: kata kipande cha uzi, kitie mate, kibandike kwenye paji la uso.

Nikamwambia Rael. Nikamsikia akicheka, kile kicheko kinene. "Uzi? Mama, hapa nimeketi juu ya uzi." Nikasikia akiiweka simu mezani.

"Ni mtoto wako?" yule mwanamke akaniuliza.

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Kisha nikasema, "Ni wa mokamona wangu. Mimi ni nyanya yake."

"Anaitwa nani?"

"Bado sijaambiwa."

Kwenye simu kwikwi ilisikika mara moja, baadaye mara nyingine, halafu haikusikika. Cherehani ikaanza kunguruma. Rael hakukata simu. Niliiacha pale juu ya kaunta, nikammalizia mwanamke yule misumari yake.